Kutu ya Bati Isomwe Kutoka Darini

Wenye nyumba wengi hujua kwamba paa limechoka kwa moja ya ishara mbili: bati kugeuka jekundu, au maji kudondoka kitandani. Zote mbili hupotosha. Wekundu unaoonekana kutoka barabarani unaweza kuwa wa juujuu, kwenye bati lenye miaka mingi ya kazi mbele yake, na paa linalong'aa linaweza kuwa limeshaliwa pale macho yasipofika. Uamuzi wa kuziba au kuezeka upya hautegemei wingi wa kutu, unategemea mahali kutu ilipo, na mahali penyewe huonekana vizuri zaidi kwa kuingia darini kuliko kwa kupanda juu ya paa.

Bati la kawaida ni chuma chembamba kilichopakwa zinki. Geji 28 ina unene wa takriban milimita 0.4, geji 30 takriban 0.3; namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Watu hubishana sana dukani kuhusu geji, lakini kinacholinda chuma ni zinki. Bati lililopakwa gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, lina tabaka lisilofika mikroni 20 kila upande. La gramu 100 lina mikroni 7 tu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 kinakadiria kwamba penye chumvi nyingi ya bahari zinki huliwa kwa mikroni 4 hadi 8 kwa mwaka, na penye hewa kavu na safi huliwa chini ya mikroni 1. Gawanya mwenyewe. Bati la gramu 275 ambalo Dodoma lingekaa miongo miwili na zaidi bila kuonyesha kutu nyekundu, likiezekwa karibu na ufukwe wa Tanga au Bagamoyo linaweza kumaliza zinki yake ndani ya miaka mitano. Umri wa paa peke yake, basi, hauna la kusema mpaka ujue paa hilo liko wapi na limepakwa nini.

Chumvi nayo haishambulii bati zima kwa usawa. Upande wa juu huoshwa na kila mvua. Chini ya ukingo wa paa, pale bati linapotokeza nje ya ukuta, mvua haifiki; chumvi hutulia hapo na kunyonya unyevu wa usiku, na kutu huanzia chini kuja juu. Sehemu ya pili ni pale bati moja linapolalia jingine. Maji hupenya katikati ya mabati hayo mawili na kubaki humo hata baada ya jua kukausha paa lote. Bonyeza sehemu hizo kwa ncha ya bisibisi ukiwa chini yake: bati zima litagoma, bati lililokwisha litabonyea na kumwaga unga wa kahawia mkononi. Likifanya hivyo kwenye malalio mengi ya upande mmoja, upande huo hauna dawa isipokuwa bati jipya, hata kama mvua bado haijaingia chumbani.

Kutu iliyozunguka misumari ni habari nyingine. Juani bati hupata joto na kurefuka, usiku husinyaa. Bati la mita 3 likipanda nyuzi 40 za joto hurefuka karibu milimita moja na nusu, na mchezo huo hurudiwa kila siku mpaka msumari unalegea, mpira wake unakauka na kupasuka, na tundu linapanuka. Paa la namna hii huvuja vibaya na kumtisha mwenye nyumba, ilhali bati lenyewe bado lina nguvu. Zinki hukubali kuliwa kabla ya chuma, kwa hiyo wekundu mdogo pembeni mwa tundu hausambai haraka iwapo zinki inayozunguka ingalipo. Ng'oa misumari iliyolegea, weka skrubu ndefu zenye mpira mpya kwenye mgongo wa bati, na kazi imekwisha.

Darini ingia saa sita mchana, zima tochi, usubiri macho yazoee giza. Kila tundu litajionyesha kwa nukta ya mwanga. Kisha washa tochi uangalie mbao, maana maji hutembea juu ya papi na kudondokea mbali na yalikoingilia. Madoa ya duara za kahawia, moja ndani ya nyingine, yanaonyesha kwamba mbao zimelowa na kukauka mara nyingi. Choma kenchi kwa kisu: kikizama bila kugoma, tatizo limeshapita bati. Nyanda za juu kama Njombe kuna mtego mmoja: matone ya alfajiri ambayo mvua haikuyaleta. Huo ni mvuke wa ndani uliogandia kwenye bati lililopoa usiku, na dawa yake ni matundu ya kupitishia hewa.

Atakayepinga atasema kupaka lami au rangi ni nafuu. Ni kweli, na kwenye bati zima rangi huongeza maisha. Kwenye malalio yaliyooza, rangi hufunika juu na kutu huendelea chini, halafu ukaguzi unaofuata unakuwa mgumu zaidi. Saruji ni mbaya kupita zote: ukali wake ikiwa mbichi hula zinki, na zaidi aluminiamu kwenye mabati yaliyochanganywa madini hayo, ikikauka hupasuka bati linapocheza.

Pingamizi zito ni la pesa, nalo halijibiwi kwa kumwambia mtu aezeke nyumba nzima. Mapaa ya pwani mara nyingi hayachakai sawasawa. Upande unaoelekea bahari hutangulia. Aezeke upande huo kati ya Januari na Februari, kabla ya masika, na ule mwingine abadilishe misumari tu. Asikubali makadirio ya fundi yasiyohesabu papi, kwa sababu siku bati linaposhushwa ndiyo siku ya kubadilisha mbao zilizooza bila kulipia kazi hiyo mara mbili.