Maya Deren na filme ambayo hakuimaliza

Tukisema sinema, wengi wetu tunakumbuka kwanza filme za misioni: Matamata na Pilipili, zilizotengenezwa na Padri Albert Van Haelst kule Kasai katika miaka ya 1950. Watu walicheka, na mafundisho yakaingia. Leo twataka kupima kazi ya mwanamke aliyeshika njia nyingine kabisa, bila kampuni, bila wachezaji wa kulipwa, bila majumba makubwa, na ambaye kazi yake yatuhusu sisi mapadri na wakatekista wa Kongo kuliko tunavyodhani. Jina lake ni Maya Deren.

Alizaliwa Kiev mwaka wa 1917 katika jamaa ya Kiyahudi. Mwaka wa 1922 wazazi wake walihamia Marekani, na huko alisoma mpaka masomo ya juu. Halafu alifanya kazi ya karani kwa Katherine Dunham, mwanamke mweusi, fundi wa ngoma, ambaye mwenyewe alikuwa amechunguza ngoma za Haiti. Baba yake alipokufa, binti alichukua fedha za urithi akanunua kamera ndogo ya mkanda wa milimetri 16. Na kwa kamera hiyo, mwaka wa 1943, yeye na mume wake Alexander Hammid, Mcheki mzaliwa wa Linz katika Austria, walitengeneza ndani ya nyumba yao huko Los Angeles filme ya dakika 14, Meshes of the Afternoon.

Hakuna neno linalosemwa ndani yake. Mwanamke analala kitini mchana; anaota; anajiona mwenyewe akiingia mlangoni mara ya pili, na mara ya tatu. Ufunguo unageuka kisu. Mtu aliyevaa nguo nyeusi anapita njiani, na penye uso wake pana kioo. Kisha mwanamke ainuka na kisu mkononi: hatua moja yakanyaga mchanga, nyingine udongo, nyingine majani, nyingine njia ya mji, na ya mwisho zulia la chumbani. Ni hatua chache tu, lakini kila mtu aliyepata kuota anazitambua. Katika filme nyingine, ya mwaka wa 1945, mcheza ngoma Talley Beatty ainua mguu msituni na kuutua ndani ya nyumba. Hiyo ndiyo iliyokuwa imani ya Deren juu ya kazi yake: kamera haikupewa watu kwa kunakili mchezo wa jukwaani, kwa kukata na kuunga mkanda, fundi aumba mahali na saa ambazo haziko duniani.

Mwaka wa 1946 alikodi mwenyewe jumba dogo la New York, Provincetown Playhouse, akaonyesha filme zake tatu, na watu wakajaa. Mwaka uleule alipata msaada wa fedha wa Guggenheim. Wengi waliokuja nyuma yake katika sinema hiyo ya pembeni walijifunza kwake namna ya kujionyeshea wenyewe. Filme yake ya mwisho, The Very Eye of Night, haitupendezi sana. Ni nyota na wachezaji wanaoelea gizani, na moyo haupo.

Kwa msaada ule alikwenda Haiti mwezi wa Septemba 1947. Yafaa tukumbuke nchi hiyo ni nini. Ni nchi ya watu weusi waliovunja utumwa wa Wafaransa na kupata uhuru mwaka wa 1804. Katika miaka ya mwisho ya utumwa, watu wengi sana walioshushwa huko walitoka pande za Kongo, na wengine walikuwa wamebatizwa kabla ya kupakiwa merikebuni, kwani mfalme wa Kongo alipokea ubatizo mwaka wa 1491. Basi dini inayoitwa vodou ina damu yetu ndani yake. Kuna roho za maji zinazoitwa Simbi, jina ambalo Mukongo halihitaji kuelezwa. Na karibu nazo kuna picha za watakatifu wetu: Mtakatifu Patrisi amepewa Damballah, kwa sababu ya nyoka walio miguuni pake, na Bikira Maria amepewa Erzulie.

Tena twapashwa kusema neno hili bila kulificha. Mwaka wa 1941 na wa 1942 Eklezia ya Haiti, kwa msaada wa serikali ya Rais Élie Lescot, ilipigana na vodou kwa nguvu: ngoma zilichomwa, vitu vya ibada viliharibiwa, wakristu waliapishwa kukana. Deren alifika miaka michache baadaye, kwa watu waliokuwa bado wanakumbuka moto ule.

Alikuja na mpango. Alitaka kuunga pamoja ngoma za Haiti, ibada za kisiwa cha Bali na michezo ya watoto, zote ziwe kitu kimoja chini ya mkono wake. Alipiga picha nyingi, akarudi mara kadhaa mpaka katikati ya miaka ya 1950. Lakini filme haikutoka. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1953, Divine Horsemen, anaeleza waziwazi kwamba alikwenda kama fundi wa kupanga vitu apendavyo, akaishia kuandika kwa unyenyekevu mambo jinsi alivyoyakuta. Alikufa New York tarehe 13 Oktoba 1961, mwenye miaka 44, mikanda ikiwa bado haijaungwa.

Wako wanaosema kwamba alishindwa. Sisi twaona hapo ukubwa wake. Mtu aliyeweza kuutoa mguu msituni na kuutua chumbani angeweza kumkata mzee anayesali vipande vipande na kumuunga na watoto wanaoruka kamba, nani angemzuia? Alijizuia mwenyewe, kwa kuwa aliona kwamba ibada ile ina mpango wake, wenye maana kabla yeye hajafika. Ni mapadri wangapi, wazungu na weusi, waliokaa kijijini muda huo wote bila kupanga kwanza? Mwaka wa 1956, katika kitabu Des prêtres noirs s'interrogent, Padri Mulago wa Bukavu na Padri Bissainthe wa Haiti walikuwa kati ya mapadri weusi walioanza kuuliza maswali ya namna hiyo kwa sauti.

Lakini kuna mahali hatuwezi kumfuata. Wahaiti wanasema kwamba roho humpanda mtu kama farasi, na ndiyo maana ya jina la kitabu. Kiswahili chetu chasema vilevile, mtu amepandwa na pepo. Na wazee wa Kivu waliojua ibada ya Lyangombe hawatahitaji maelezo. Mwishoni mwa kitabu Deren asimulia jinsi alivyopandwa na Erzulie. Ni kurasa zenye nguvu kuliko zote, na ndizo zinazotusumbua. Amri ya kwanza twaijua. Hata tukiiacha kando kidogo, tukapima kama wahakiki tu, shahidi ameacha kiti chake: tangu hapo hakuna anayetuambia uwanja ulionekanaje. Tena tungependa aulize zaidi juu ya sala za Kikatoliki zinazofungua sherehe nyingi za huko, pamoja na yule anayeitwa padri wa porini anayezisoma. Je, ni nguo ya kujifichia tu, au kuna imani ndani yake? Kwetu swali hilo ni la kila siku.

Katika miaka iliyofuata kifo chake, mume wake wa mwisho, mwanamuziki Teiji Ito, na Cherel Winett Ito waliiunga mikanda ile ikawa filme yenye jina la kitabu. Picha ni nzuri mno: mkono unaochora kwa unga chini, mabega ya wachezaji, mashua ya sadaka kwa Agwé, bwana wa bahari. Lakini sauti ya msomaji haikomi kueleza, roho huyu ni nani, ishara ile ni ya nini, na hivyo Deren amepangwa na wengine baada ya kukataa kupanga. Anayepata nafasi ya kuwaonyesha wafratri filme hiyo, mara ya kwanza aifunge sauti kabisa, ingawa atazikosa ngoma pia, kisha awaulize wameona nini. Mara ya pili aifungue.