Taa Mchana wa Jua

Nyumbani kwetu Tanga pana picha mbili za marehemu mama yangu. Zote nilizipiga mimi, siku moja, mahali pamoja, na baina yake hazikupita dakika tano. Ilikuwa sikukuu ya Idd mwaka 1994, mwezi wa tatu, kule Raskazone, saa saba kasoro mchana. Katika ya kwanza mama amesimama, bahari iko nyuma yake, ngalawa mbili zinaonekana kwa mbali, na mtandio wake mweupe umeshikwa na upepo. Katika ya pili hakuna bahari wala ngalawa. Kuna uso tu, tena uso uliopauka kama uliopakwa unga.

Alipofariki, ndugu zangu waliichukua ya pili, wakaitia fremu na kuitundika sebuleni. Mimi nilinung'unika. Nilijihesabu kuwa mtu ninayejua picha, na kwa macho yangu ile ya kwanza ilikuwa bora mara kumi. Dada yangu mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza neno moja: "Macho ya mama yako wapi hapo?"

Sikuwa na jibu. Katika picha ile niliyoisifu, chini ya paji la uso pana mashimo mawili meusi. Hayo ndiyo macho. Makala haya, msomaji wangu, ni jaribio la kumjibu dada yangu, ingawa nimechelewa miaka mingi.

Kosa langu la kwanza lilitokana na kuliamini jua kupita kiasi. Sisi wa pwani hii tunalijua jua kwa joto lake, lakini ni wachache wanaolitazama linavyoangukia usoni. Tanga iko digrii tano hivi kusini mwa ikweta, na kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa tatu na mapema mwezi wa kumi, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi. Wakati huo kivuli cha mtu hujikusanya miguuni pake. Usoni vivuli navyo huanguka wima: nyusi huyafunika macho, pua hutia doa mdomoni, kidevu huificha shingo. Jicho la mwanadamu husamehe hayo yote, kwa sababu linapotazama kivulini hujifungua, na linapotazama mchanga hujifinya. Filamu haina huruma hiyo. Huchagua kipimo kimoja, na kinachobaki nje ya kipimo hicho hupotea.

Siku ile kipimo changu kilikuwa sahihi kama kilivyoandikwa ndani ya boksi la filamu: ASA 100, kasi ya 1/125, tundu la lenzi namba 16. Mtandio ulitoka vizuri, bahari ikatoka vizuri. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa mtu niliyemwendea.

Nikiwa bado nimeshika kamera, nilikumbuka kwamba ndani ya mkoba mlikuwa na flashi. Nikaichomeka.

"Mwanangu," mama akasema, "jua lote hili, nawe wawasha taa?"

"Ni ya kuondoa kivuli, mama."

"Haya. Basi niangalie nisije nikapofuka."

Nikamsogelea mpaka mita moja, nikabonyeza. Hapo ndipo lilipotendeka kosa la pili, nalo lilikuwa kubwa kama la kwanza ila lilielekea upande wa pili.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, inafaa nieleze kidogo. Mwanga wa flashi huwaka na kuzimika kwa muda mfupi mno, mara nyingi chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa sababu hiyo, kamera ikifunguka kwa muda mrefu zaidi au mfupi zaidi, flashi haiongezeki wala haipungui. Kinachobadilika ni mwanga wa jua. Lakini tundu la lenzi likipanuliwa au kufinywa, vyote viwili hubadilika. Jambo la tatu ni umbali. Jua halijali kama umesogea hatua tano mbele au nyuma. Flashi hujali sana: ukiongeza umbali mara mbili, mwanga wake humfikia mtu kwa robo tu.

Flashi yangu ilikuwa na namba ya nguvu 32 kwa filamu ile. Ukigawa 32 kwa 16 unapata 2, maana yake ni kwamba kwenye mita mbili flashi ingelingana na jua lenyewe. Kwenye mita moja ilikuwa na nguvu mara nne ya jua. Fundi wa kusafisha picha, ili auokoe uso, ilimbidi aitie giza karatasi nzima, na hata hivyo uso ukabaki mweupe. Kile kipande kidogo cha anga nyuma ya mtandio kikatoka kama magharibi imekwisha kuingia. Nilikuwa nimeugeuza mchana wa Idd kuwa usiku.

Ningerudi nyuma mpaka mita tatu, flashi ingekuwa na nguvu kidogo chini ya nusu ya jua. Vivuli vingebaki, kwa sababu ni mchana na mchana una vivuli, lakini ndani ya vivuli hivyo macho yangeonekana. Na hapo kwenye mita tatu bahari ingeingia pia, na ngalawa, na mtandio. Kwa hatua chache tu ningelipata yote.

Ningeweza kuishia hapo na kusema kwamba taa ya mchana ni suala la hesabu. Lakini nimezitazama kazi za watu wawili waliotumia taa hiyo hiyo, tena ufukweni, nikaona kwamba hesabu haiwezi kueleza kila kitu.

Wa kwanza ni Mwingereza Martin Parr. Kati ya mwaka 1983 na 1985 alipiga picha za rangi New Brighton, mji wa pwani ulio karibu na Liverpool, ambako watu wa kawaida walikwenda kupumzika. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, The Last Resort, kilitoka mwaka 1986. Parr aliwasha flashi mchana, na hakuificha. Katika picha hizo aiskrimu inayodondoka, ngozi iliyobabuka kwa jua, takataka zilizozagaa na mtoto anayelia vyote vimepewa mwanga sawa. Katika mojawapo mwanamke amejilaza kuota jua juu ya zege, kando kabisa ya minyororo ya tingatinga. Wapo waliomshutumu kwamba anawacheka watu wa tabaka la wafanyakazi, na wapo waliomtetea kwamba alikuwa anaionyesha Uingereza ya wakati ule kama ilivyokuwa.

Mimi naona kesi hiyo iko ndani ya taa yenyewe. Flashi inapolingana na jua, hakuna tena kitu kinachopewa heshima kuliko kingine. Karatasi ya chipsi na uso wa mama mwenye mtoto vyote vinang'aa. Hiyo ni silaha nzuri kwa anayetaka kuonyesha fujo ya mahali, na Parr aliitumia kwa ustadi mkubwa. Ila nikizitazama picha hizo najiuliza kama yupo hata mmoja kati ya watu wale ambaye angeitia yake fremu na kuitundika sebuleni. Swali hili halitoshi kuihukumu sanaa. Hata hivyo siwezi kulipuuza, kwa kuwa nimekulia katika nyumba ambamo picha ni ya aliyepigwa kabla ya kuwa ya mpigaji.

Wa pili ni Rineke Dijkstra wa Uholanzi, aliyezaliwa mwaka 1959. Kuanzia mwaka 1992 alipiga picha za vijana na watoto kwenye fukwe za nchi mbalimbali, zikiwamo Poland, Ukraine na Marekani. Huzipa majina ya mahali na tarehe tu. Iliyojulikana zaidi ilipigwa Kolobrzeg, Poland, tarehe 26 Julai 1992: msichana mwembamba, nguo ya kuogelea ya kijani kilichopauka, ameegemea mguu mmoja, kichwa kimeinama kidogo upande. Nyuma yake kuna bahari na anga, basi. Dijkstra alitumia kamera kubwa ya kuwekwa juu ya miguu mitatu, akaipiga kutoka chini kidogo, akaongeza flashi juu ya mwanga wa mchana.

Hapa taa inafanya kazi nyingine kabisa. Inamtenga msichana na bahari bila kumpokonya bahari. Unaona goti, vidole, na wasiwasi wa mtu ambaye jana alikuwa mtoto. Kamera kubwa huchukua muda kuandaliwa, na muda huo unaonekana: msichana amejua kwamba anatazamwa, naye ametazama. Anayepiga yuko mbali kiasi cha kumwona mtu mzima kuanzia utosini hadi unyayoni. Ni zile hatua nilizokosa mimi.

Hata hivyo sitaki kumsifu kupita mpaka. Anga lake mara nyingi ni la mawingu, au jua limeshuka. Kwenye mwanga laini namna hiyo, taa kidogo hutosha, nayo humpamba mtu kwa urahisi. Isitoshe, wengi wa watu wake wana ngozi nyeupe mbele ya maji ya kijivu. Mpiga picha wa Raskazone, au wa Forodhani Unguja, ana mtihani mwingine: uso mweusi, mtandio mweupe, mchanga unaomeremeta, na jua utosini. Hapo umbali kati ya sehemu nyeupe kabisa na sehemu nyeusi kabisa ni mkubwa kuliko filamu inavyoweza kubeba. Asiyeongeza mwanga amekwisha kuamua, hata kama hajui, kwamba nguo itaonekana na mtu hataonekana.

Wala uamuzi huo haukuanzia kwetu. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafishia picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi ya kupimia yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na mafundi waliziita kadi hizo "Shirley". Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye, kufikia miaka ya 1990. Nimesikia watu wazima wakisema, "Mimi sina uso wa picha." Huenda uso walikuwa nao, ila kipimo hakikukatwa kwa ajili yao.

Siku hizi simu imeingia kati. Inapiga picha kadhaa kwa mfululizo wa haraka, inaziunganisha, inaufumua uwiano wa jua na kivuli, na uso unaonekana bila flashi yoyote. Nashukuru, maana macho mengi yameokolewa. Lakini tazama picha nyingi za harusi za ufukweni zinazozunguka sasa. Bwana harusi na bibi harusi wamesimama juani saa saba, na usoni pao hakuna saa. Vivuli vimeinuliwa mpaka vimekwisha, ngozi imelainishwa mpaka imekuwa kama plastiki. Parr aliwasha taa nyingi ili aseme jambo. Hapa mwanga umesawazishwa bila mtu yeyote kusudia neno lolote, na jua letu, lile linalotufanya tukunje uso na kutafuta mwembe, limefutwa. Mchana usio na kivuli ni uwongo kama mchana ulio na mashimo badala ya macho.

Basi kipimo changu cha kuitathmini picha ya mtu iliyopigwa juani ni hiki. Kwanza nayatafuta macho. Yakikosekana, uzuri wa mawingu haunisaidii. Kisha natafuta kivuli cha pua. Kikiwepo, chepesi, chini ya pua mahali pake, najua mpigaji aliongeza mwanga na bado akaliacha jua liwe bwana wa mchana. Mwisho natazama alisimama wapi. Aliyesimama karibu mno amejaa mwenyewe ndani ya picha, na taa yake imepiga kelele.

Mwaka juzi nilizitoa negativu zile mbili kwenye bahasha, nikazipeleka zikaskaniwe. Nilitumaini kwamba mashine za sasa zingeweza kuyatoa macho katika ile ya kwanza. Kijana aliyekaa kwenye kompyuta alijaribu kwa muda mrefu, akainua, akashusha, kisha akanigeukia kwa adabu: "Mzee, hapa hamna kitu. Filamu ni kavu." Alikuwa na haki. Mwanga ambao haukufika siku ile hauwezi kuitwa sasa.

Ile ya pili ilitoa zaidi. Ndani ya weupe ule mlikuwa bado na uso, maana filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko mwanga uliokosekana. Aliushusha taratibu, na mama akaanza kurudi: kwanza mstari wa wanja, halafu kile kicheko chake alichokuwa akikizuia aliposema nisimpofushe. Nilichapisha nakala moja, nikampelekea dada yangu. Aliiweka juu ya mapaja, akaitazama, kisha akainuka na kuibadilisha na ile iliyokuwa ndani ya fremu. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni, mita tatu hivi kutoka ukutani, naitazama.