Kitonga: Simu ya Kwanza Ilikosewa

Tuliokwama Kitonga asubuhi ile tumeona wote, kwa hiyo sizunguki: dereva wa semi iliyokata propela konani alikosea simu ya kwanza. Foleni ya saa tatu ilianzia hapo.

Turudie tukio. Semi inapanda na mzigo wa Tunduma, propela inakatika, gari linasimama katikati ya kona, tela limekula upande wa pili. Utingo anaruka na jiwe, analikita nyuma ya tairi, anakata matawi na kuyalaza barabarani juu na chini ya kona. Kazi safi.

Dereva anatoa simu, anampigia tajiri yake Dar es Salaam. "Bosi, propela imekatika, nipo Kitonga." Bosi anauliza mzigo, anauliza fundi, anaahidi kupiga tena. Inafuata simu ya fundi wa Iringa, kisha bosi tena. Trafiki walikuja kuambiwa na dereva wa basi dakika arobaini baadaye, malori mawili yakiwa yameshalazimisha kupita na kuziba upenyo uliobaki. Bosi aliye Dar hawezi kuzuia magari Ruaha Mbuyuni wala Ilula. Polisi wanaweza, na 112 ni bure, hata salio likiwa sifuri. Pangekuwa na moto, ni 114.

Kosa la pili ni hilo "nipo Kitonga". Kitonga ni mlima mzima wa kona! Taja nguzo ya kilomita. Huioni? Fungua ramani ya simu: GPS husoma setilaiti bila bando. Zile namba mbili za mahali ulipo zitume kwa meseji ya kawaida, ambayo hupenya hata mtandao ukiwa mstari mmoja. Yeye alihangaika na lokesheni ya WhatsApp, ikazunguka tu isiende.

Nimeliandika mara nyingi na ninalirudia: anayefundishwa kuendesha afundishwe na kupiga simu ya dharura.

Wazee waliopeleka mafuta Zambia kwa Fiat, kabla bomba la TAZAMA halijaanza kazi mwaka 1968, hawakuwa na simu mfukoni. Mmoja wao alinieleza desturi yake: kikaratasi kwa dereva anayekuja upande wa pili, kimeandikwa daraja alilolipita mwisho, gari limekaaje, njia inapitika au haipitiki. Ubovu wa gari aliuandika mstari wa mwisho. Kwa penseli na karatasi, alitoa taarifa bora kuliko tuliyoisikia Kitonga.

Najua kwa nini dereva wetu alianza na bosi: anaogopa kuulizwa kwa nini hakuambiwa mapema. Basi wenye malori, mwondoleeni hofu hiyo. Mwandikieni kwenye karatasi ya safari, na mtie sahihi: 112 kwanza, bosi baadaye.