Whistler, Usiku na Turubai Lililofutwa

Wapo wenzetu wanaoamini kwamba mchoro ulioshindikana ni hasara tupu. Hebu tumtazame James McNeill Whistler, Mmarekani aliyeuchora mji wa London usiku. Gizani huwezi kuchanganya rangi ukaziona sawasawa. Basi alisimama kando ya Mto Thames, akaitazama mandhari, akaipa mgongo, kisha akamsimulia mwenzake alichokiona. Akikosea, anageuka kutazama tena. Rangi alizipaka baadaye, nyepesi kama mchuzi. Kazi isipomridhisha, anaifuta na kuanza upya.

Mwaka 1877 mhakiki John Ruskin aliishambulia picha yake ya fataki katika bustani ya Cremorne. Eti ni rangi iliyomwagwa tu. Whistler akamshtaki. Mahakamani, mwaka 1878, aliulizwa: kazi ya siku mbili, paundi 210? Akajibu kwamba bei hiyo ni ya ujuzi wa maisha yake yote. Alishinda, lakini fidia ilikuwa robo ya peni. Mwaka uliofuata akafilisika.

Kwa maoni yangu, ujuzi huo ulijengwa na turubai zilizofutwa. Ndizo zilizomfundisha nini cha kuacha gizani. Ruskin alidai umaliziaji. Whistler alichora usiku unaoficha.

Nasi wahakiki chipukizi tuna ugonjwa uleule. Tunasoma diwani jioni moja, asubuhi tunatangaza kwamba imeshindwa kifani. Jamani, tuulize kwanza: imeshindwa kufanya nini?