Suria au Bibi? Tatizo la Vyeo katika Kufasiri Tamthilia za Kasri la Uchina

Tangu mwaka 2011, ilipoonyeshwa Doudou na Mama Wakwe Zake kwa sauti za Kiswahili katika televisheni ya taifa ya Tanzania, tamthilia za Kichina zimejipatia watazamaji wengi katika Afrika Mashariki. Mchezo ule ulihusu maisha ya leo, na msamiati wake haukuwa na taabu kubwa: mama mkwe yupo Beijing, na yupo pia Wusi katika milima ya Taita. Taabu huanza pale tamthilia inapoingia katika kasri la ukoo wa Qing, uliotawala Uchina tangu 1644 hadi 1912. Hapo mfasiri hukutana na wanawake wa mfalme, na neno linalomjia upesi ni suria. Neno hilo halifai, na madhara yake hayaishii katika msamiati. Huuvunja mchezo wenyewe.

Mfano ulio wazi ni Zhen Huan Zhuan, tamthilia ya sehemu 76 iliyoongozwa na Zheng Xiaolong na kuonyeshwa mwaka 2011. Riwaya ya Liu Lianzi iliyoizaa ilisimulia habari za ukoo wa kifalme wa kubuni. Tamthilia ikayahamishia mambo hayo katika enzi ya Yongzheng (1722-1735). Zhen Huan ni mtu wa kubuni, lakini ngazi anazozipanda ni za historia. Juu palikuwa na malkia mmoja, huanghou. Chini yake nafasi zilihesabiwa: huangguifei mmoja, guifei wawili, fei wanne, pin sita. Kisha walifuata guiren, changzai na daying, ambao hawakuwekewa idadi. Kila cheo kilikuwa na posho yake na watumishi wake. Mgogoro wote wa mchezo umejengwa juu ya ngazi hizo: nani amepanda, nani ameshushwa, nani ampigie nani magoti. Mfasiri akiwaita wanawake hawa wote masuria, tukio la kupandishwa cheo hupoteza maana, kwa sababu aliyekuwa suria amefanywa suria.

Zaidi ya hayo, neno suria lina historia yake. Katika Pwani ya Waswahili na Unguja, suria alikuwa mjakazi aliyewekwa na bwana wake kinyumba. Sheria ya Kiislamu ilimpa mwanawe uungwana kamili na haki ya kurithi. Ndiyo maana Majid na Barghash, wana wa masuria wa Seyyid Said, waliweza kukikalia kiti cha baba yao. Salme binti Said, naye mtoto wa suria, ameyaeleza maisha ya nyumba hizo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Amri ya mwaka 1897 ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja iliwaacha masuria kando, nao wakasubiri hadi 1909. Wanawake wa Yongzheng, kinyume chake, wengi wao walichaguliwa miongoni mwa mabinti wa Bendera Nane, yaani mpango wa kijeshi na kijamii ulioutia ukoo huo madarakani. Kumwita binti wa ofisa suria ni kumtia utumwani kwa kalamu.

Mtazamaji wa Wusi hulipokea neno hili kwa njia nyingine. Taita haikuwa na kiti cha ufalme. Mambo yaliamuliwa na wazee. Mfalme, towashi na suria walifika huko zaidi kwa njia ya Biblia, na masuria wanaojulikana ni wale mia tatu wa Sulemani, waliotajwa baada ya wake zake mia saba. Kwa hiyo mtazamaji huyo atadhani kwamba Zhen Huan si mke.

Mfasiri anaweza kukimbilia mke mdogo. Lakini mke mdogo ni wa pili kwa kuolewa, na katika kasri aliyeingia jana huweza kumpita aliyeingia miaka kumi iliyopita. Anaweza pia kuchukua mwana, lakabu ya heshima ya mabibi wa Pwani kama Mwana Kupona. Lakabu hii ina uzuri wake Lamu na Pate. Kwa msemaji wa Kidawida, mwana ni mtoto, na heshima yote hupotea njiani.

Njia iliyo salama zaidi ni kuliweka neno malkia kwa huanghou peke yake, na vyeo vingine kuvitaja kwa Kichina vikitanguliwa na bibi: Bibi Guifei, Bibi Pin, Bibi Guiren. Kiswahili kiliwahi kuwapokea seyyid na sultani pamoja na vyeo vyao, wala hakikuharibika. Matukio yenyewe yatamfundisha mtazamaji nani yu juu ya nani, maana magoti yanayopigwa huonekana kwa macho. Ama suria, neno hilo liachiwe wanawake waliolibeba. Nao wana historia yao, ambayo bado inangoja tamthilia yake kwa Kiswahili.