Chapa ya Mwizi Juu ya Ng'ombe wa Wenyewe



Yapo maovu yanayokuja kwa sura yao wenyewe, na kila mwenye macho huyakimbia. Na yapo yanayokuja yamevaa joho la haki, na watu wema huyafungulia mlango. Leo nataka tulitazame moja katika haya ya pili, nalo lahusu sheria ya hakimiliki katika intaneti. Sheria hii iliwekwa ili mwandishi asiibiwe maneno yake, kisha wakatokea watu wakaitumia kumfunga mwandishi huyo huyo kinywa. Wala jambo hili halikutokea mbali. Limewapata Watanzania, na khabari zake zimeandikwa.

Lakini kabla ya kuilaumu sheria, yatupasa tuitendee insafu. Mtu akikesha kuandika kitabu, akatunga utenzi, au akasoma kasida kwa sauti yake, jasho lile ni mali yake. Walikuwapo waliokuwa wakibisha, wakisema elimu haina mwenyewe. Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988 lilikata shauri kwamba haki za utungaji zalindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Tanzania Bara inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoleta COSOTA. Na Zanzibar inayo sheria yake ya mwaka 2003, na chombo chake ni COSOZA. Kwa sheria ya Bara haki ya mtungaji hudumu muda wa uhai wake, na miaka 50 baada ya kufa kwake, ili na watoto wake wapate fungu. Haya ni mema. Na sisi watu wa pwani tusijitoe katika lawama. Ni nyumba ngapi zilizojaa kaseti za mawaidha na za taarabu zilizonakiliwa dukani bila ya mwenyewe kuulizwa wala kupewa senti? Kaseti zimekwenda, zimekuja simu, na mchezo ni ule ule. Basi asiseme mtu kwamba makala haya yanatetea wizi.

Sasa tuje kwenye sheria inayotawala maneno yetu hata hapa tulipo. Mitandao mingi ambayo watu wetu huandikia ni mali ya makampuni ya Marekani, na makampuni hayo hufuata sheria ya nchi yao ya mwaka 1998, iitwayo kwa ufupi DMCA. Mpango wake ni huu. Kampuni haitalipishwa kwa wizi wa maneno uliofanywa na wateja wake, kwa sharti kwamba mtu akileta malalamiko kuwa kitu fulani ni chake, kampuni ikiondoe upesi. Aliyeondolewa kitu chake anayo ruhusa ya kuleta hati ya kujibu. Akishaileta, kitu hurudishwa baina ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa mlalamikaji awe amekwenda mahakamani. Tena kampuni yatakiwa iwe na utaratibu wa kuwafungia kabisa wale wanaorudia makosa, na malalamiko yakirundikana juu ya mtu mmoja, akaunti yake yote imo khatarini. Na tukubali kwamba pasipo kinga kama hii kampuni nyingi zisingethubutu kupokea maneno ya kila mtu.

Sikiliza basi yaliyotendeka. Tarehe 2 Desemba 2021 kampuni ya Twitter, ambayo tangu mwaka 2023 yaitwa X, ilitangaza kuwa imeondoa akaunti 268 zilizokuwa na kazi moja: kupeleka malalamiko ya hila dhidi ya wanachama na wafuasi wa kikundi cha haki za binadamu kiitwacho FichuaTanzania, pamoja na mwasisi wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizichambua akaunti hizo, wakaieleza hila yenyewe. Mtu huyachukua maneno au picha iliyowekwa Twitter na yule anayewindwa. Huibandika katika ukurasa aliouanzisha yeye kwa WordPress, ambako yeyote aweza kufungua ukurasa wa maandishi. Kisha huirudisha tarehe nyuma, kwani WordPress humwachia mwandishi kuweka tarehe aitakayo, ili ionekane kwamba ukurasa wake ndio uliotangulia. Akimaliza, huiandikia Twitter kuwa maneno yale ni yake na kwamba fulani amemwibia.

Mimi naandika haya nikiwa Machochwe, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, ninakofundisha watoto. Katika wilaya hizi za Serengeti na Tarime wizi wa mifugo ni msiba wa miaka mingi, na kila mtu ajua maana ya chapa. Mweleze mfugaji wa huku hila hii kwa lugha ya ng'ombe, ataifahamu mara moja. Mtu aingia usiku katika zizi la jirani, ampiga ng'ombe chapa yake, na ile chapa aifanyia ufundi ionekane ni kovu la zamani. Kukipambazuka ndiye wa kwanza kufika kwa mtendaji wa kijiji, akilia kwamba jirani ni mwizi. Je, mtendaji atamtoa ng'ombe zizini kabla ya kumwuliza jirani neno moja? Akifanya hivyo, hakuna huku atakayesema kuwa haki imetendeka. Watauliza: ng'ombe huyu kazaliwa kwa nani? Nani aliyemwona akiwa ndama? Majirani wanamjua ni wa nani?

Hapa ndipo penye aibu ya kwanza ya sheria hii. Huanza na adhabu, ndipo ikaja kwenye swali. Kwa makadhi wetu kanuni ni maarufu, na hata mwanafunzi mchanga wa fiqhi huisoma: mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Sheria hii imeipindua. Mwenye kudai aleta neno lake na saini yake, na anayedaiwa ndiye anayehangaika kujitoa. Tena yafaa tukumbuke namna maulamaa wa Hadithi walivyowanasa waongo. Walitumia tarehe. Mtu akidai kasikia kwa sheikh fulani, humwuliza alizaliwa lini, na sheikh yule kafa lini, na walionana mji gani. Tarehe ilikuwa mizani ya ukweli kwa sababu ilipimwa na wengine, haikuchukuliwa kutoka mdomoni mwa mwenye kudai. Mwongo wa zama zetu ameishika tarehe ile ile akaifanya ndiyo silaha yake, na kampuni ikaipokea bila ya kuipima.

Aibu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Hati ya kujibu yataka jina la kweli la mwenye kujibu, anwani yake na simu yake, na nakala yake hupelekwa kwa yule aliyelalamika. Fikiri, ndugu yangu. Mtu ambaye amejificha jina kwa kuwa anawasema wakubwa, aambiwa: ukitaka maneno yako yarudi, mpe adui yako mlango wa nyumba yako. Akinyamaza, maneno yake yamekufa. Akijibu, amejulikana. Mwenye hila hupata faida kwa vyovyote vile. Na mwenye kujibu aliye nje ya Marekani hutakiwa pia akubali kushitakiwa katika mahakama ya Marekani. Mtu wa Machochwe, au wa Lamu, au wa Pemba, atakwenda na nauli gani, na wakili gani?

Aibu ya tatu ni ya adhabu. Sheria yasema kwamba aletaye malalamiko ya uongo hali anajua atalipa khasara aliyoisababisha. Maneno mazuri, lakini utamdai nani, ikiwa mlalamikaji ni jina la kubuni katika akaunti iliyofunguliwa jana? Aliyeonewa hudaiwa jina lake na nyumba yake, na mwongo hukaa nyuma ya pazia.

Huenda msomaji akasema, haya ni ya wanasiasa, mimi na nyumba yangu yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Watu wa vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Serengeti wakiliwa mahindi na tembo usiku, hawana gazeti wala redio yao. Wanayo simu, na picha waliyopiga alfajiri. Mvuvi wa pwani aonaye nyavu haramu, mama aonaye dawa zilizoharibika, mwanafunzi aonaye mtihani umeuzwa, wote hao siku hizi husema kwa njia hiyo hiyo. Ikiwa mtu yeyote aweza kuidai picha yako kuwa ni yake na ikaondoka kesho yake, basi kutoa khabari ya dhulma kumekuwa ni kazi ya kubahatisha.

Wala tusidhani hakuna njia nyingine. Kanada ilitunga sheria mwaka 2012, na utaratibu wake ukaanza kutumika Januari 2015: malalamiko hupelekwa kwa aliyelalamikiwa ili ajue, lakini maneno yake hayaondolewi kwa kulalamikiwa tu. Kenya iliirekebisha sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019. Kitu huondolewa ndani ya saa 48 za kazi, isipokuwa mwenyewe alete hati ya kujibu. Na kuleta malalamiko ya uongo ni kosa la jinai. Hiyo ya Kenya bado ina haraka, ila angalau imemkumbuka anayedaiwa kabla ya panga kushuka. Kwetu Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo imeweka ilani ya kutaka kitu kiondolewe. Wenye kutunga sheria, siku watakapoitazama tena, wasichukue mfano wa Marekani wakauleta mzima mzima kama nguo ya mtumba. Waanze na swali la mfugaji: nani alimwona akiwa ndama?

Na sisi wenyewe tunayo ya kufanya. Mwenye kuandika aweke asili ya maandishi yake na picha zake, pamoja na tarehe zisizoweza kuchezewa. Ampe mtu mwaminifu nakala, kama wazee walivyokuwa wakiandika wasia mbele ya mashahidi. Akiondolewa kitu chake, asijibu kwa hasira kabla ya kujua ni khabari zake gani zitakwenda kwa nani. Na juu ya yote, sisi tuache kunakili kazi za watu bila ya ruhusa. Kila tunapoiba kasida ya mtu, twampa mwongo sababu ya kuonekana mkweli, maana malalamiko yake ya uongo hujificha katikati ya malalamiko ya kweli yaliyo mengi.

Haki ya mwandishi ni amana. Anayeila amana hiyo kwa kunakili ni mwizi wa mali. Anayeitumia kumnyamazisha mwenyewe ni mwizi wa mali na wa ushahidi pia, na jamii iliyoibiwa ushahidi haina itakachosimama nacho mbele ya hakimu.

Wabillahi tawfiq.