Kutu ya Ndani

Fundi wa benki ya macho hujulikana anapotenganisha iris na konea. Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ina unene wa nusu milimita tu. Fundi huikata kuizunguka, akabakiza ukingo mweupe wa milimita 2 hadi 4 wa kushikia, maana konea yenyewe haishikwi. Kisha huishusha iris taratibu, konea ikiwa imetulia vilevile ilivyokuwa usoni. Ikijikunja, kila kunyanzi huacha mstari wa seli zilizokufa, na upande wa ndani una tabaka moja tu la seli, ambazo kwa mtu mzima hazizaliani kufidia zilizopotea. Hizo ndizo zinazosukuma maji nje usiku na mchana, kioo kisije kikavimba na kuingia ukungu. Kusukuma huko kunataka nguvu, nguvu hutoka kwenye mitokondria, na humo humo oksijeni huzaa chembe kali zinazoitafuna seli kama kutu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Eduard Zirm alipopandikiza konea kule Olomouc mwaka 1905, kwa kibarua aliyepofushwa na chokaa, hakuhitaji kuitunza: ilitoka kwenye jicho la mtoto aliye hai, lililokuwa limetoka kuondolewa. Utunzaji ulikuja baadaye, Filatov wa Odessa alipotumia macho ya maiti. Mwaka 1974 McCarey na Kaufman walipata maji ya kuihifadhi konea kwa siku kama nne kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Leo tunasema siku 14, na tumeanza kuidhania tarehe iliyobandikwa chupani kuwa ni ruhusa ya kuzembea.

Jokofu halizimi moto huo wa oksijeni, huufukia majivuni. Jichoni, seli hizi huogeshwa na maji yenye vitamini C nyingi kupita damu. Chupani chemchemi hiyo imekatika, akiba ya kinga inapungua, na konea inapopashwa joto tena mitokondria huamka na kutema sumu ile ile. Hata taa ina lake: riboflavini iliyomo kwenye maji ya kukuzia seli, ikimulikwa, hutengeneza haidrojeni peroksaidi. Kwa hiyo yule anayefunika chupa gizani na kusoma kipimajoto mara mbili anafanya tiba, ingawa sifa zote humwendea daktari wa upasuaji.

Wapo watakaosema utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2017 umemaliza ubishi: miaka mitatu baada ya kupandikizwa, asilimia 95.3 ya konea zilizokaa hadi siku 7 zilikuwa zikifanya kazi, na asilimia 92.1 ya zile za siku 8 hadi 14. Tofauti ni ndogo, kweli. Lakini utafiti ule ulipima siku, haukupima uzembe. Konea zake zilichaguliwa na kulindwa na mikono makini. Na hata kwa mikono hiyo, zilizokawia zilipoteza seli zaidi, asilimia 40 dhidi ya 37. Wengine wataelekeza kidole Kyoto, ambako Kinoshita na wenzake walitangaza mwaka 2018 kuwadunga wagonjwa 11 seli zilizokuzwa maabara. Ni kazi ya kuvuliwa kofia. Ila mbegu ya seli hizo ni konea ya mtu aliyefariki, iliyochunwa na kutunzwa na fundi yule yule, na maabara huzikuza kwenye hewa yenye oksijeni nyingi kuliko zilivyozoea ndani ya jicho. Kutu haikuachwa nyuma. Imehamia sahanini, na huko pia seli huzeeka kabla ya wakati.

Makadirio ya mwaka 2016 yalisema duniani hupatikana konea moja kwa kila 70 zinazohitajika. Moja hiyo ilitolewa na mtu aliyekwisha kufumba macho, jamaa zake wakaridhia wakiwa bado kwenye msiba. Nayo huweza kukutwa mezani, chini ya taa nyeupe, maji yake ya waridi yakipata joto kidogo kidogo, huku mtu akitafuta kalamu ya kujazia fomu.